Mashine Iliyoolewa

Niseme mapema, kabla hujayasikia kwa mke wangu, Mama Editha: mashine ya kuchomelea ya binti yangu niliiuza mie. Niliwauzia wale jamaa wa chuma chakavu wanaopita na toroli. Kwa kilo.

Na mie ni mtu wa stoo. Nina diploma ya ugavi, imetundikwa sebuleni juu ya televisheni. Miaka ishirini na mbili nimekaa kwenye bohari la madawa na sijawahi kutoa hata boksi la plasta bila karatasi yenye sahihi mbili. Lakini siku ile, nyumbani kwangu Kiwalani, nilitoa mali ya mtu bila kumuuliza mwenyewe, tena nikasaidia kuipakia.

Sijitetei, ila ungeliona lenyewe. Lilikuwa dude. Boksi la chuma ukubwa wa jiko la mkaa la mama ntilie, ndani waya mnene umezungushwa na kuzungushwa, vibao vya mbao vimechomekwa katikati, na mafuta meusi yanavuja chini. Halina rangi, halina jina la kampuni, halina hata kitufe. Lilikaa kwenye kibanda cha bati kule uani kama mgeni aliyekataa kuondoka. Likiwashwa linanguruma mpaka sahani zinacheza kabatini. Editha alilileta na bajaji miezi michache baada ya kumaliza chuo cha ufundi, na mie nikajua ameliokota mahali.

Sasa Jumamosi hiyo zamu ya jumuiya ilikuwa kwetu. Wakatoliki wenzangu mnajua: kila wiki sala inahamia nyumba nyingine, na ikifika kwako unafagia mpaka majirani wanauliza kuna msiba. Sie tena watu wa Masasi, hatutaki kusemwa. Viti arobaini vya kukodi vimeshashushwa, na uani panaingia thelathini na tano. Nikaliangalia dude. Dude nalo likaniangalia. Na huko nje nikasikia, "Chuma chakavuuu! Betri mboovuuu!"

Wewe ungefanyaje?

Editha alirudi kazini katikati ya rozari, akapiga magoti nyuma kabisa, hakuona kitu. Sala ilipoisha zikagawiwa soda. Ndipo akanyanyuka, akaenda kibandani, akarudi.

"Baba, mashine yangu iko wapi?"

Watu wote wamekaa, wananitazama. Mie Mungu alinipa mdomo kabla hajanipa akili. Nikamjibu, "Mwanangu, imeolewa. Wakwe wamekuja na toroli, tungekataaje? Mahari yake ndiyo hizo soda mnazokunywa."

Watu walicheka! Mzee Alfonsi, mwenyekiti wa jumuiya, soda ilimtokea puani. Editha naye alitabasamu, maana ni mtoto mwenye adabu na wageni walikuwepo. Halafu akaitazama chupa yake. Ilikuwa ya machungwa, amekunywa nusu. Akaiweka chini taratibu kama mtu anayeweka yai, akaenda kusimama kwenye doa la mafuta.

"Wameivua waya hapahapa, au wameondoka nayo nzima?"

"Nzima."

"Sawa, baba."

Basi. Hakulia, hakugomba. Wiki mbili baadaye alihamia Msasani, kuna karakana inatengeneza magrili na ngazi za nyumba za wakubwa, wakampa kazi na chumba cha kushea na mwenzake anaitwa Jesca. Msasani si Ulaya. Ukitoka Kiwalani asubuhi, hata na foleni, chai utainywa kule. Lakini ni mwezi wa nane huu hajakanyaga kwetu.

Kila Jumapili asubuhi ananitumia ujumbe: "Shikamoo baba." Namjibu hapohapo, "Marahaba mwanangu, hujambo? Umekula? Kazi inaendaje? Unakuja lini?" Kimya. Mpaka Jumapili nyingine: "Shikamoo baba." Sikutukanwa, sikununiwa. Nimeachiwa salamu tu, kama mtu aliyehama nyumba akakuachia ufunguo wa kabati.

Na mtaani jina langu ni lake. Adelard wananiita kazini. Hapa, kuanzia muuza maandazi mpaka muuza vocha, ni "Baba Editha! Baba Editha vipi?" Siku nzima naitwa kwa jina la mtu asiyeniita.

Niliifuata mashine, usidhani sikuifuata. Jumatatu ile ile nilikwenda kwenye yadi ya chuma chakavu. Waya ulikuwa umeshachomwa kutolewa maganda, shaba imeshaondoka. Nikakuta mfuniko tu, bamba zito la chuma, umeegemezwa ukutani. Nikaununua, nikaubeba kichwani mpaka nyumbani, nikausukuma chini ya kitanda. Mama Editha, yaani Sesilia mke wangu, akauliza, "Ndiyo umerudisha mashine?" Nikasema, "Nimerudisha kofia yake." Hakucheka. Utani wangu tangu siku ile ukawa hauuziki hata nyumbani.

Nikakaa miezi mitano. Kisha nikaamua kufanya nilichosomea: kununua. Nikaenda Kariakoo kwenye duka la vifaa la Bandali na wanawe. Kaunta ameshika Samina, mama wa rika langu, miwani juu ya paji la uso, kalamu nyuma ya sikio.

"Karibu kaka."

"Nataka mashine ya kuchomelea. Iwe nzuri."

"Nzuri kwa nani?"

"Kwa binti yangu. Ni fundi."

"Mashallah. Anachomelea nini?"

"Chuma."

Akashusha miwani ili anione vizuri. "Kaka, sikudhani anachomelea mihogo. Chuma gani? Mageti? Viti? Bodi za magari? Unene gani? Anatumia vijiti vya namba ngapi?"

Nikashika boksi jekundu lililokuwa karibu, kama mtu anayelijua.

"Haya, umeme wa kwenu ukoje?"

Hilo nikalidaka. "Mchana mzuri. Jioni taa zinakuwa rangi ya chai ya mkandaa."

"Basi hii nyekundu uliyoishika iache. Imeandikwa ampea mia tatu, lakini namba za kwenye boksi ni kama umri wa bibi harusi, ukweli anao mama yake. Umeme wa chai ukija hiyo inazima, na binti yako atakulaani. Nenda kamuulize mwenyewe anataka nini, halafu rudi."

Nikasema nitamuuliza. Nikatoka mikono mitupu. Pale nje, kati ya mabeseni na watu, nikajiona mjinga wa kutosha. Dawa za mkoa mzima naziagiza kwa vipimo, miligramu mpaka ya mwisho. Mtoto niliyemlea miaka ishirini na minne, sina kipimo chake hata kimoja. Nilijua anachomelea, kama ninavyojua ndege zinazopita juu ya bati langu zinakwenda. Zinakwenda wapi, sijawahi kuuliza.

Nikaenda kwa Nassibu.

Nassibu ni fundi geti, yuko barabarani hapo, kabla ya kona ya msikiti. Editha alifanyaga kazi kwake kabla ya kuondoka. Ana miaka kama thelathini na tano, mpole, lakini chuma hukipigia kelele.

"Shikamoo Baba Editha."

"Marahaba. Nassibu, nifundishe kuchomelea."

Akaangalia nyuma yangu kama kuna mtu mwingine. "Nikufundishe wewe?"

"Mie. Jumamosi na Jumapili mchana baada ya misa. Nitakufagilia."

"Mzee, una ugomvi na Mama Editha?"

"Nina ugomvi na mie mwenyewe, lete kofia."

Siku ya kwanza sikuchomelea kitu, niligandisha. Kijiti kikigusa bamba kinanata, mashine inakoroma, mie navuta kama naachanisha mbwa. Nassibu ananifokea, "Usichome kama unachoma mshikaki! Kwaruza kama kiberiti, halafu kinyanyue kidogo!"

"Kiasi gani?"

"Unene wa hicho kijiti chenyewe. Usizidishe. Na usitazame tu, sikiliza! Ikikaa sawa inalia kama samaki kwenye mafuta."

Yangu ililia kama mtoto anayechanjwa. Nikavua kofia, nikagonga kwa nyundo yale magamba yanayoganda juu ya mstari, tukakitazama nilichokifanya.

"Hii," alisema Nassibu kwa heshima zote, "sie tunaita mavi ya kuku."

"Kuku mwenyewe mgonjwa," nikasema.

Ila nilirudi. Wiki ya pili nikainua kofia mapema, mwanga ukanipata. Asubuhi yake macho yanawaka kama yamemwagiwa mchanga, machozi yanatiririka, Sesilia kaniwekea kitambaa cha maji baridi. "Umeuza mashine ya mtoto," alisema, "sasa unataka kuuza na macho." Lakini mkono wake alioshikia kitambaa haukuwa na hasira. Alikaa hapo muda mrefu kuliko kitambaa kilivyohitaji.

Yeye Editha anampigia kila siku. Nawasikia jikoni, yaani namsikia Sesilia: "Ehee... weee!... Jesca naye!... usilale bila kula lakini." Anacheka, na mie sebuleni natafuna nusu ya mazungumzo. Akikata nauliza.

"Anasemaje?"

"Kazi nyingi."

"Ameniulizia?"

"Amekusalimia."

"Ulimwambia najifunza?"

"Mwambie mwenyewe. Mdomo si unao? Siku ile uliukuta."

Mwezi wa pili wa kujifunza nikautoa mfuniko chini ya kitanda, nikampelekea Nassibu. Maana nilikuwa nimeshaanza kuona, na nilitaka kuhakikisha nakiona kile ninachokiona. Upande wa juu wa bamba lile umejaa mistari ya kuchomelea, mmoja chini ya mwingine, kama daftari la mwandiko la darasa la kwanza. Nimeihesabu: ishirini na saba. Nilipoliuza dude nilidhani ni uchafu.

Wa kwanza umekatika mara sita. Wa tatu ni matone matone. Wa tisa umechimba, karibu utoboe bamba. Wa kumi na nne umelala upande mmoja, na mie sasa nikajua maana yake: mkono ulichoka akauegemeza. Kuanzia wa ishirini inaanza kunyooka, mawimbi madogo yamepangana kama magamba ya samaki. Wa ishirini na saba hata ukipitisha kidole huku umefumba macho huupati mwanzo wala mwisho.

Nassibu aliushika mfuniko kwa mikono miwili. "Huu! Nilidhani umeenda na yote. Mzee, ile mashine aliisuka hapahapa kwangu. Wiki sita, kila jioni, waya kwa waya. Unakumbuka ilikuwa na matundu manne ya kuchomeka?"

"Nakumbuka matundu. Nilidhani ni ya mende."

"Umeme ukiwa mkubwa unachomeka hapa, ukipungua unahamia hapa, ukizidi kupungua hapa. Alikuja kuupima umeme wa kwenu na mita wiki nzima, jioni hadi jioni, anaandika kwenye karatasi."

Nilikumbuka. Binti amechuchumaa kwenye soketi ya korido, na mie napita na taulo nikamwambia, "Afande wa umeme, usitukatie, tutalipa." Akacheka. Akaendelea kuandika.

"Mie nikamwambia," Nassibu anaendelea, na hajui anachonifanyia, "Edi, umeme wa kwenu wa nini, chukua kona hapa kwangu. Akasema hapana. Nataka nichomelee nyumbani, baba akirudi kazini anikute."

Nilivaa kofia ya kuchomelea. Nikawasha mashine ya Nassibu nikachora mstari, nikachora mwingine. Ndani ya ile kofia ni giza, huonwi na mtu. Ndiyo sehemu moja nzuri ya kazi hii.

Jumamosi iliyofuata nikarudi kwa Samina na karatasi.

"Mageti madogo, madirisha, fremu za viti," nikasoma. "Paipu za mraba, vyuma bapa vya flatibaa, bamba la wastani. Vijiti vya mbili na nusu, mara mojamoja vya tatu. Umeme wa jioni tumeupima na fundi, unashuka mpaka volti mia na themanini. Sitaki kubwa. Nataka inayovumilia."

"Ehee! Sasa unaongea," alisema Samina, akamwita Naqi mdogo wake apande ngazi. Kilichoshuka ni kiboksi cha bluu ambacho ningekibeba kwa mkono mmoja, na dude tulilibeba watu wanne. Samina akakiwasha mbele yangu kwenye kifaa chake cha kupunguza umeme, kikachechemea, hakikuzima. Akanikataza waya mwembamba wa ethi, ule wa kubana kwenye chuma, uliokuja nacho. "Huu mfungie mbuzi. Chukua huu mnene." Akaweka nyundo ya magamba, brashi ya waya, pakiti ya vijiti. "Hivi uviweke pakavu, vikinyonya unyevu vinatema. Kofia ngapi?"

"Mbili."

"Wewe na binti?"

"Weka mbili tu, dada."

"Na glavu. Zako hizi. Zake saizi gani?"

Hilo nilijua. Mikono yake ni ya mama yake, midogo, vidole virefu. Nilikuwa namshika mkono huo kumvusha barabara ya shule kila asubuhi mpaka darasa la nne, alipokataa kwa sababu wenzake wanamcheka. "Ndogo," nikasema. "Ndogo kabisa mliyonayo." Samina alitafuta mpaka chini ya kaunta, na hakuniuliza tena.

Mashine nikaiweka kibandani, pembeni ya doa la mafuta, si juu yake. Kofia mbili kwenye misumari miwili. Glavu ndogo bado zina lebo. Mfuniko nikausimamisha kwenye matofali mbele yangu, na bamba langu nikalilaza chini yake, kama mtoto anayenakili ubaoni. Kila nikitoka kazini nachora. Jioni umeme unakuwa chai, kiboksi kinavumilia, nami navumilia. Majirani wanachungulia. "Baba Editha, unatengeneza nini?" Nawaambia mistari. Wanasubiri utani uendelee, hauendelei.

Jumapili iliyopita nimeamka mapema, nikalipiga picha bamba langu, na mfuniko wake ukiwa nyuma yake. Saa moja kasoro ukaingia: "Shikamoo baba."

Nikatuma picha. Nikaandika: "Marahaba mwanangu. Hii ni kazi yangu ya jana. Mfuniko wako ninao, sikukwambia. Mie najiona nimefika mstari wako wa tano, Nassibu anasema wa pili na nisijipendekeze. Naomba uamue wewe. Nimefika mstari wa ngapi?"

Tiki zikawa bluu wakati navaa viatu. Nikavivaa taratibu. Sesilia akasema tutachelewa, nikasema kamba imefungana. Viatu vyangu havina kamba.

Kanisani tukafika pale pa kujipiga kifua, nimekosa mimi, nimekosa sana. Miaka yote nimejipiga kifua hicho na watu mia nane, kwa sauti, bila shida yoyote. Nikagundua kwamba neno hilo Mungu ameshalisikia kwangu mara nyingi, Padre amelisikia, Mzee Alfonsi amelisikia. Editha hajawahi. Nilimpa mahari, nikampa wakwe na toroli, nikampa na Nassibu na mstari wake wa pili. Hata asubuhi ile ile nimemtumia utani.

Tulipotoka nje, nikasimama kwenye kivuli cha ukuta pale wanapouza rozari, nikaandika tena. Niliandika mara nne nikafuta, maana kila sentensi ilikuwa inachekesha mwishoni. Ya tano nikaituma.

Leo Ijumaa. Nimechora mistari sita mingine tangu siku ile, na mmoja wake ulilia kama samaki kwenye mafuta karibu mpaka mwisho. Simu nimeiweka juu ya tofali pembeni ya mfuniko, niione hata nikiwa nimevaa kofia. Ujumbe wangu uko palepale, wa mwisho kabisa chini:

"Editha mama, ile mashine ilikuwa yako, na mie sikukuuliza. Nilikosa. Kuja usije kama hutaki. Niandikie namba tu, mstari wa ngapi."